Mtoto Aliyerudishwa Pamoja na Jembe

Naomba mnisamehe kwanza. Mwandiko wangu unalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na kuna maneno ambayo sina hakika yanaandikwaje. Niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Naandika jikoni kwa mama mdogo, hapa Lyamkena, Makambako, kati ya kumenya viazi na kuosha sahani. Yapo mambo ambayo nikishayaandika inabidi niweke kalamu chini nitoke nje kidogo, nisimame, halafu nirudi.

Nina miaka ishirini na mbili. Mwaka huu nimepewa talaka na mahakama. Nataka kueleza nilivyoipata, na watu walionisaidia, kwa sababu mwanzoni sikujua kama kuna mtu wa kumwambia, wala sikujua niseme nini.

Niliolewa upande wa Lupembe, kwenye nyumba iliyozungukwa na chai. Ndoa ilikuwa ya kanisani, mimi na yeye tukiwa Wakatoliki. Mume wangu alikuwa mtu mpole. Hakunywa, hakupiga kelele, na kila asubuhi, kabla hajaenda kuchuma chai, alifagia uwanja. Mwanamume, anafagia uwanja! Alianzia mlangoni, akarudi nyuma kinyumenyume hadi njiani, ufagio ukifuta na nyayo zake mwenyewe. Akimaliza, udongo wote ulikuwa laini kama uji uliopoa. Majirani walipita wakanipa hongera.

"Wewe umepata mume," walisema. "Wa kwetu ufagio wanaujua wakiukalia tu."

Mimi nilicheka nao. Ilichukua wiki kadhaa kuelewa. Jioni, lori la kiwanda likishachukua majani, alirudi akasimama njiani, akausoma uwanja wake kabla hajanisalimu.

"Hizi nyayo zilizokwenda kule kwenye migomba ni zako?"

"Ndiyo. Nilikwenda kutupa maganda."

"Mbona zimekwenda mara mbili na kurudi mara moja?"

Hakunipiga hata siku moja. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, mpaka nipate jibu linalolingana na udongo. Jibu lisipolingana hakusema kitu, na kunyamaza kwake kungeweza kuchukua wiki mbili. Nilikula naye, nikalala naye, nikamfulia, bila neno. Baadaye nilijifunza kukanyaga majani ya pembeni, nikishika ukuta wa nyumba, ili uwanja ubaki kama alivyouacha. Watu wakija kuniona niliwaambia kwa mbali kwamba nina mafua. Wakaacha kuja.

Tulipata mtoto wa kike. Alipofika miaka miwili, siku moja nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua maharage, nikamwona anatoka kwenda kuokota kikombe chake kilichokuwa katikati ya uwanja. Hakupita uwanjani. Alishika ukuta, akakanyaga majani, akazunguka nyumba nzima, akafika upande wa pili, akasimama akikitazama kile kikombe. Hakukifuata. Alikitazama, akanitazama mimi, akarudi njia ile ile.

Hakuna mtu aliyemfundisha. Nilijua hapo kwamba siwezi kubaki. Mume wangu alipokwenda kupima majani yake kituoni, nilimfunga mtoto mgongoni, nikavuka uwanja katikati, nikapanda gari la Njombe.

Baba yangu anaishi kijiji cha karibu na misheni, si mbali na mjini Njombe. Alinipokea vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili akaniuliza, "Alikupiga?" Nikasema hapana. "Alikufukuza?" Nikasema hapana. Nikaona haya imemjaa usoni, kwa sababu hakuwa na maneno ya kuwaambia watu.

Kwetu, mtu akija kuposa, analeta jembe jipya lisilo na mpini, na blanketi la mama. Mambo mengine yamebadilika lakini jembe bado huja, hata kama hakuna atakayelilimia. Baba alikuwa amelitunza ndani ya sanduku, limefungwa gazeti. Watu wa kwetu wanaamini kwamba jembe likirudi, ndoa imerudi. Mambo yamekwisha. Basi baba akamwita mshenga, akampa jembe, akampa na blanketi ambalo mama yangu hakuwahi kujifunika mpaka alipofariki.

Sikujua kama mama mkwe angekuja mwenyewe kuvipokea. Alikuja. Alikaa kwenye kiti uwanjani kwa baba, akalishika jembe, akaligonga kwa ukucha kusikiliza kama ni lile lile, akalilaza magotini.

"Na mtoto?" akasema.

Baba hakunitazama. "Mtoto ni wa kwenu," alisema. "Mliposa."

Sasa naandika jambo ambalo linanitoa nje. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mtoto alikuwa ameshika sketi yangu. Mshenga alikuja akamchukua, akamkabidhi kwa bibi yake, na bibi yake akamweka gotini juu ya blanketi, karibu na lile jembe. Mtoto hakulia. Alinitazama mimi akisubiri niseme kitu, kama alivyosubiri siku zote niseme "njoo" au "acha". Nami sikusema neno. Toka utotoni mimi ni mtu wa haya, nikiwa darasani nilijua jibu nikanyamaza mpaka mwingine alitaje. Siku ile nilinyamaza vile vile. Wakaondoka naye.

Mama mdogo alisikia, akapiga simu kwa baba na kumtukana, halafu akanitumia nauli. Ana mgahawa hapa Makambako, jirani na yanapoegeshwa malori yanayokwenda Zambia na Songea. Ni mdogo wake mama, mnene, mwenye sauti inayofika barabarani. Siku niliyofika alinitazama akatikisa kichwa.

"Wewe mtoto," alisema, "hata nzi akikutulia mdomoni utamwambia samahani."

Nilifanya kazi. Mchana mgahawa unajaa, madereva wanaita chai, wanaita supu, wanataniana kwa lafudhi za mikoa yote, na katikati ya kelele hiyo nilimsikia mwanangu akikohoa. Alikuwa na kikohozi kifupi, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Nilitoka nje na sahani mkononi. Nilimwona amesimama nyuma ya tairi la lori. Nilikwenda, hakuwapo. Nilimwona kwenye stuli ya mwisho, akiwa amenipa mgongo, na alipogeuka alikuwa mtoto wa mtu. Nilichota ugali wake nikauweka pembeni. Mama mdogo aliukuta, akauliza wa nani, akaelewa, akauondoa bila kusema neno. Kwa mama mdogo, kutosema neno ni jambo kubwa.

Na nje, mfanyakazi wa duka la jirani akifagia mbele ya mlango wake, nilizunguka barabara nzima nisikanyage alipofagia. Nilijua mume wangu yuko Lupembe. Lakini miguu haikujua.

Niliamini nimeshaachika. Jembe lilirudi, mashahidi walikuwapo. Ni mama mdogo aliyeniambia kwamba kuna mama mmoja karibu na soko la mahindi, msaidizi wa kisheria, anayewasikiliza watu wenye mashauri ya ndoa na mirathi. Wateja wa mgahawa walimtaja. Nilikataa kwenda kwa mwezi mzima. Mwishowe mama mdogo alifunga mgahawa mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kufanya hata kwenye msiba, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea.

Yule mama alikuwa mtu mzima wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina meza na benchi.

"Kamwene," akatusalimia Kibena. Halafu kwa Kiswahili, "Nani mwenye shauri?"

"Huyu," mama mdogo akasema. "Lakini haongei. Mimi nitaongea."

"Wewe utakaa nje, mama."

"Nje wapi?"

"Hapo nje penye jua. Pana benchi zuri."

Mama mdogo alitoka akinung'unika. Tukabaki wawili. Mama yule alifungua daftari.

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Alikunyima chakula, matumizi?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana. Sidhani."

"Sasa alifanya nini, binti yangu?"

"Alifagia," nikasema.

Nilijua atacheka. Aliweka kalamu chini. "Alifagia nini?"

Nilimweleza. Ilichukua saa nzima kwa sababu ya vituo vyangu, na mara mbili mama mdogo aliingiza kichwa kuuliza kama tumelala. Nilipofika kwenye kikombe, yule mama alivua miwani. Baadaye akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba kumtesa mtu si mpaka umpige, na sheria inajua ukatili wa namna hiyo. Kwamba jembe likirudi, limerudi jembe tu. Mbele ya sheria mimi bado ni mke wa yule mtu. Ndoa inavunjwa na mahakama, na kabla ya mahakama lazima twende kwenye baraza, wajaribu kutusuluhisha, na wakishindwa watoe hati. Na kwamba mtoto wa chini ya miaka saba, sheria huanza kwa kuona mahali pake ni kwa mama, isipokuwa kuwe na sababu.

"Kwa hiyo mtoto wangu hakuwa wa kurudishwa?"

"Mtoto si kitu cha posa."

Nilimwambia pia kwamba namwona mwanangu mahali ambapo hayupo. Niliogopa kusema hilo kuliko yote, maana nilidhani ataniandika mwehu na mtoto nisipewe kamwe. Aliuliza namwona amevaa nini. Nikamwambia, sweta la kijani. Akasema, "Unamtafuta. Macho yanafanya kazi uliyoyapa. Usiogope, lakini usikae nayo peke yako. Njoo hapa kila Alhamisi, hata kama shauri halijasogea." Nilikwenda kila Alhamisi. Siku nyingine hatukuzungumza sheria hata kidogo. Alinipa daftari akasema, kama mdomo ni mzito, andika kidogo kidogo, barazani utasoma.

Kabla ya baraza nilikwenda na kwa paroko. Alinisikiliza vizuri. Akasema serikali ina njia yake, lakini ndoa ya kanisani mahakama haiivunji. Niishi mbali naye kama maisha yangu yako hatarini, na nisali. Kwa hiyo hadi leo kuna mahali ambapo mimi ni mke wake. Nikipiga magoti Jumapili najua hivyo.

Baraza lilikaa kwenye ofisi ya kata, huko huko kwao. Yule mama alinisindikiza, tukabadili gari Njombe, ukungu umefunika chai yote hata njia haionekani. Wajumbe walikuwa watano, wanawake wawili na wanaume watatu. Mume wangu alikuwa ameshafika na mama yake. Aliinuka akanipisha kiti.

Mwenyekiti, mzee wa kofia, aliomba nieleze kisa. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa anafagia uwanja.

"Paza sauti, binti."

"Alikuwa anafagia uwanja."

Mzee aliwageukia wenzake. "Mimi mke wangu analalamika sifagii. Huyu analalamika anafagia. Sasa sisi wanaume twende wapi?"

Walicheka wote. Hata mume wangu alitabasamu kidogo, kwa adabu. Mama mkwe akasema, "Mnaona? Tulioa kichaa tukidhani ni mpole."

Nilitaka kukaa. Yule mama hakunishika mkono wala hakunisemea. Alilifungua tu daftari langu mapajani mwake akalisogeza. Nikasoma. Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama darasa la pili. Nilisoma maswali yake na majibu yangu, zile wiki za kunyamaza, majani ya pembeni. Mmoja wa wajumbe wanawake aliacha kusuka ukili. Niliposoma habari ya mtoto na kikombe, hakukuwa na aliyecheka.

Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. "Haya ni kweli?"

"Kwani ni vibaya mtu kujua nani ameingia kwake?"

"Mtoto wa miaka miwili angepita uwanjani, ungemuuliza alikuwa anakwenda wapi?"

Mume wangu alifikiri. Sikuzote alifikiri kabla ya kujibu. "Ningemuuliza," alisema.

Mzee alivua kofia akaitazama ndani. Halafu akaniuliza kama nitakubali kurudi miezi mitatu, yeye akiahidi kuacha mambo ya ufagio.

"Hapana," nikasema.

Nilisema mwenyewe, na ilisikika hadi mlangoni, maana mtu aliyekuwa nje aligeuka. Mama mkwe akasimama.

"Mtoto mlituletea wenyewe, pamoja na jembe! Baba yako alimtoa kwa mkono wake, na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni, mdomo umeufunga. Leo unadai nini?"

Ni kweli tupu. Wajumbe waliandika kwamba usuluhishi umeshindikana, wakatupa hati, tukarudi Makambako gizani ndani ya basi la Coaster, na njia nzima nilisikia kile kikohozi kwenye viti vya nyuma.

Mahakama ya mwanzo ilituita mara nne. Mara ya kwanza mume wangu hakutokea. Mara ya pili alikuja na lile jembe, kwenye gazeti lile lile, akaliweka juu ya meza ya karani kama kielelezo. Alieleza kwa utulivu kwamba wakwe zake walirudisha kila walichopokea na kukabidhi mtoto mbele ya mashahidi, hivyo mambo yalishamalizwa kimila. Hakimu, mwanamke kijana, aliniuliza kuhusu siku ile.

"Ulikubali mtoto achukuliwe?"

Nilijua yule mama wa Alhamisi anataka niseme hapana. "Nilinyamaza," nikasema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Aliandika. Mara ya tatu aliitwa baba yangu. Alisimama na koti lake la Jumapili akasema, "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyekosea. Nilijua mambo ya jembe. Ya sheria sikuyajua." Alitoka bila kunitazama, lakini nje alinisubiri, akaninunulia ndizi mbili, tukala tumesimama.

Mara ya nne ikasomwa hukumu. Ndoa imevunjwa. Mtoto akae kwa mama, na baba amwone Jumamosi moja kila mwezi, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Mama mdogo alipiga kigelegele ndani ya mahakama akatolewa nje. Mimi nilishindwa kufurahi. Nilikuwa nahesabu: mwaka na miezi minne. Alikuwa amevuka miaka mitatu sasa. Nusu ya kukumbuka kwake sikuwamo.

Tulimpokea kwenye ofisi ya ustawi. Bibi yake alimleta, amemvalisha vizuri. Hakuwa na sweta la kijani; alikuwa ameshakua, halimtoshi. Nilikuwa nimemwona mara nyingi sana, nyuma ya malori, kwenye stuli, na kila mara alikuwa mdogo kuliko huyu. Aliniamkia, "Shikamoo," kama unavyomwamkia mgeni. Nikaitika.

Sasa ana miezi miwili hapa. Hana shida. Anamwita mama mdogo "bibi wa chapati" na anamfuata jikoni. Madereva wanampa pipi. Mimi hana jina analoniita. Akitaka kitu anakuja anasimama karibu yangu mpaka nimwone. Kila asubuhi anajivalisha viatu mwenyewe, anakunja nguo zake, anakaa nazo kizingitini. Siku ya kwanza nilimuuliza anasubiri nini. Akasema, "Wanaokuja kunichukua."

Na bado nasikia kile kikohozi. Yeye amelala ndani, namwona kwa macho yangu, pumzi yake ni safi, na nje kwenye malori kuna mtoto wa miaka miwili anakohoa mara mbili. Nilimwuliza yule mama wa Alhamisi huyo ni nani sasa. Akasema huyo ndiye niliyemwacha aende, na sitampata tena, nimempata mwingine. Alisema nimwambie mtoto ukweli kwa maneno mafupi, nisimlazimishe kujibu.

Nilichukua wiki tatu. Juzi asubuhi nilikaa naye kizingitini, nguo zake zikiwa katikati yetu. Nikamwambia, siku ile walipokuchukua nilikuwa nimesimama mlangoni na sikusema kitu. Nilikosea. Hakuna anayekuja kukuchukua tena.

Alisikiliza. Alikuwa anafunga na kufungua mkanda wa kiatu.

"Bibi wa kule anasema ulinitoa," alisema.

"Sikukutoa. Nilinyamaza."

Alifikiri, kama baba yake anavyofikiri. Halafu akasema anataka chai, isiyo moto sana. Nikaenda kuileta. Niliporudi alikuwa bado amekaa na nguo zake, akainywa yote, akanirudishia kikombe, akaendelea kutazama barabarani.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma haya. Kama mtoto wako alichukuliwa akarudishwa, niandikie ilichukua muda gani mpaka aache kusubiri. Au kama wewe ndiye uliyekuwa mtoto, umekaa kizingitini kwa mtu kama mimi, niandikie ulitaka kuambiwa nini, na nani alikwambia, au kama hakuna. Andikeni hata vibaya. Nitasoma polepole, na nitajibu polepole, lakini nitajibu.